Kali Asema Lugha Gani?

Mjomba wangu alikuwa baharia. Alipofariki mwaka 1984 aliacha sanduku la mninga, na ndani yake mlikuwa na kanzu mbili, saa iliyosimama, na vitabu sita vya Kiingereza. Vitano vilikuwa vya mitambo ya meli. Cha sita hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, na kwa hivyo kwa miaka mingi sikulijua jina lake wala la mtungaji wake. Nilikijua kwa watu waliomo: Staś, kijana wa miaka 14, na Nel, mtoto wa kike wa miaka 8. Nami nilikuwa na miaka 14. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, na kamusi niliyokuwa nayo, ile ya Johnson ya mwaka 1939, ilikuwa ya kuazima. Nilikisoma kitabu kile kama mtu apitaye mikokoni maji yamekupwa: hatua moja, mguu umezama, unauchomoa, kisha hatua nyingine.

Watoto hao wawili, mmoja Mpolandi na mmoja Mwingereza, baba zao wanafanya kazi katika Mfereji wa Suez. Mwishoni mwa mwaka 1884 wanatekwa huko Fayum, Misri, na wafuasi wa Mahdi wa Sudan, wanapandishwa ngamia na kuvushwa jangwa hadi Khartoum, mji ulioanguka Januari 1885. Kijana anafikishwa mbele ya Mahdi mwenyewe na kutakiwa abadili dini. Anakataa. Wanapelekwa mbali zaidi, hadi Fashoda. Na baadaye Staś anawaua watekaji wao, na watoto wanabaki peke yao katika mwitu wa Afrika pamoja na mbwa, tembo waliyemkuta amenaswa bondeni, na vijana wawili weusi waliokuwa watumwa: Mea, na Kali mwana wa Fumba, mfalme wa Wahima. Nel anashikwa na homa na karibu afe, mpaka ipatikane kwinini. Wanarusha tiara zenye ujumbe ili upepo uwapelekee watu habari zao. Mwisho wa safari yao ni Mombasa.

Jina Mombasa lilinishtua. Vitabu vyote vya Kizungu nilivyowahi kuvishika vilianza kwao na kuishia kwao. Hiki kilikuja kuishia kwetu.

Ilipita miaka zaidi ya kumi kabla sijajua kuwa kitabu kile ni cha Henryk Sienkiewicz, Mpolandi aliyezaliwa mwaka 1846, akatunukiwa Nobeli ya fasihi mwaka 1905, na kufariki Uswisi mwaka 1916. Jina lake kwa Kipolandi ni *W pustyni i w puszczy*, yaani Jangwani na Mwituni, na kilitoka mwaka 1911. Nakala ya mjomba ilikuwa tafsiri ya Max Drezmal ya mwaka 1912. Sienkiewicz ndiye mwandishi wa *Quo Vadis*, riwaya ya mwaka 1896 juu ya Wakristo wa kwanza mjini Roma wakati wa Nero.

Kitabu hicho si yatima. Kina ukoo. Wakatoliki wa Ulaya wa karne ya 19 walijenga aina ya riwaya ambayo vijana walisomeana majumbani na katika skuli za masista: hadithi za safari, vita na mateso, zilizochotwa katika historia, ambazo kiini chake ni mtu mdogo aliyesimama mbele ya mtu mkubwa. Kadinali Wiseman alitoa *Fabiola* mwaka 1854. Humo kijana Pancratius na binti Agnes wanatakiwa waiache imani yao, nao wanachagua kufa. Jangwa, simba na njaa ni mapambo ya njiani. Swali lenyewe ni moja: ukiambiwa useme usichokiamini, na kusema ni neno moja tu, utalisema? Staś mbele ya Mahdi ni Pancratius aliyevalishwa nguo za jangwani.

Mimi ni Mwislamu, na nilipofika ukurasa ule nilikuwa nikisoma chuoni kila alasiri. Nilimpenda Staś. Nilitaka akatae, na alipokataa nilifurahi, kisha nikaogopa kwa kufurahi kwangu. Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Siku ya nne nikabaki nyuma wenzangu walipotoka, nikamwuliza maalim, "Mtu akimpenda kijana aliyekataa kusilimu, ana makosa?"

Maalim akauliza kijana huyo ni nani. Nikamwambia ni wa kitabuni. Hakucheka. Akauliza, "Alitakiwa asilimu kwa hoja au kwa upanga?"

"Kwa upanga."

"Basi amekataa upanga. Anayesilimu kwa upanga, upanga ukiondoka naye huondoka. Kipende kitabu chako. Ila kikikusimulia habari za watu, usikiamini mpaka uwaulize watu wenyewe."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonitaabisha maisha yangu yote ya kusoma, na ndilo ninaloliandikia leo.

Maana Sienkiewicz aliwahi kufika hapa. Mwanzoni mwa mwaka 1891, miaka 20 kabla ya kuandika hadithi ya Staś, alishuka Unguja katika zama za Seyyid Ali bin Said, Waingereza wakiwa wametangaza himaya yao mwaka mmoja tu nyuma. Kisha akavuka hadi Bagamoyo, akapokewa na mapadri wa Roho Mtakatifu, ambao tangu mwaka 1868 walikuwa na misheni yao pale na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Alikusudia kuingia bara kuwinda. Homa ikamshika, akarudi. Barua alizozituma kwao zilifanywa kitabu. Hizo nyika na milima alizowapitisha Staś na Nel hakuzifikia, alizitunga. Bali homa ya Nel, ile baridi ya mifupa na macho yasiyomtambua mtu, hakuitunga. Hiyo aliichukua pwani yetu na kwenda nayo.

Huko Bagamoyo palikuwa na bendera ya nani? Ya Ujerumani. Vita vya Abushiri vilikuwa vimezimwa juzi tu; Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na mwanzo wa mwaka ule ule wa 1891 serikali ya Kaisari Wilhelm wa Pili ilishika yenyewe hatamu za pwani ya Mrima. Sasa msomaji na anifuate hadi upande wa pili wa dola ya Kaisari huyo huyo.

Poland wakati huo haikuwamo katika ramani. Kufikia mwaka 1795 Urusi, Prussia na Austria walikuwa wamekwisha kuigawana, na haikurudi hadi mwaka 1918. Sienkiewicz alizaliwa raia wa Urusi na akafa kabla ya kuiona nchi yake huru. Katika sehemu iliyochukuliwa na Prussia, watoto wa Kipolandi walifundishwa skuli kwa Kijerumani, na mwishowe hata somo la dini likaletwa kwa Kijerumani. Mwaka 1901, katika mji mdogo wa Września, watoto walikataa kujibu maswali ya katekisimu kwa lugha isiyokuwa ya mama zao. Walichapwa viboko. Wazazi waliolalamika walipelekwa mahakamani. Mgomo ukazuka tena kwa nguvu zaidi mwaka 1906, na Sienkiewicz akamwandikia Kaisari Wilhelm barua ya wazi kuwatetea watoto wale.

Nilipoyajua haya nilikirudia kitabu cha mjomba, na ukurasa wa Mahdi ukawa mwingine. Yule kijana wa miaka 14 aliyesimama peke yake mbele ya mtawala mgeni, akakataa kusema neno analoambiwa aseme, msomaji wa Warszawa au Poznań wa mwaka 1911 aliweza kumtambua. Ni mtoto wa Września. Mwandishi alimpeleka Sudan, lakini viboko aliviokota nyumbani.

Kwa hiyo huyu hakuwa mtu asiyejua uchungu wa kunyang'anywa ulimi. Aliujua kuliko wengi. Na hapo ndipo ugomvi wangu naye unapoanza, kwani mtu hagombani na asiyemjali.

Kwanza, Sudan. Muhammad Ahmad, Mahdi, aliinuka dhidi ya utawala wa Waturuki na Wamisri uliokuwa umewaelemea watu kwa kodi na mjeledi. Waliomfuata walikuwa na madai yao kama Wapolandi walivyokuwa na yao. Dola aliyoiacha ilikuwa na ukali wake na biashara yake ya watumwa, na sisi wa visiwani, ambao soko letu la watumwa lilifungwa mwaka 1873 tu, hatuna uso wa kujifanya hatuyajui mambo hayo. Lakini katika kitabu watu wale ni kundi la walaghai na wendawazimu. Mwandishi aliyeujua uasi wa wanaoonewa hakuutambua uliovaa kilemba.

Pili, na hili ni zito zaidi kwangu, suala la nani mwalimu na nani mwanafunzi wa ushujaa. Kitabuni mtoto mweupe hukataa kusaliti imani yake, na mtoto mweusi hufundishwa imani hiyo naye. Sasa tuangalie kalenda. Staś anasimama mbele ya Mahdi mwaka 1885, katika karatasi. Mwaka 1886, huko Namugongo, Buganda, vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga walichomwa moto kwa kushikilia Ukristo wao. Kizito, mdogo wao, alikuwa na umri kama wa Staś. Wakatoliki 22 kati ya waliouawa nyakati zile walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964. Na kabla yao, katika miaka ya 1870, vijana Waislamu wa ikulu hiyo hiyo waliuawa na Kabaka Mutesa kwa kutokubali kuivunja dini yao. Mtihani ambao Sienkiewicz alimtungia kijana wake, vijana wa Kiafrika wa dini zote mbili walikuwa wameufanya kwa miili yao, bila mtu wa kuwarushia tiara.

Kitabu cha Kikatoliki cha vijana, chenye mbio, hatari na mwitu, kingeweza kuandikwa juu ya hao. Sienkiewicz hakukiandika, na pengine haikuwa kazi yake.

Mwaka 2006 nilianza kukitafsiri kitabu kile kwa Kiswahili, nikijua vyema kuwa natafsiri tafsiri, kwa kuwa Kipolandi sikijui. Sikutumwa na mtu wala sikulipwa. Niliona tu si haki kwamba hadithi inayoishia Mombasa haisomeki kwa lugha ya Mombasa. Jangwa lilinipa kazi kidogo. Ngamia, upepo wa mchanga, kiu: mambo hayo Kiswahili kinayo, mengine kimeyarithi kwa Waarabu yakiwa tayari yametengenezwa. Taabu ilianza pale kitabu kilipoanza kusema Kiswahili chenyewe.

Watu wa mwituni wanamwona Nel, mtoto mweupe juu ya tembo, wanamwita Mzimu mwema. Neno ni letu; Sienkiewicz alilichukua likiwa zima, halikubadilika hata herufi. Lakini msomaji wangu wa pwani anajua mzimu ni nini. Ni wa waliokufa. Yuko pangoni, yuko chini ya mbuyu wenye vitambaa, hutiliwa ubani na kuachiwa chetezo. Mwite mtoto wa miaka 8, aliye hai na ametoka kupona homa, kwa jina hilo, na bibi yeyote wa mtaani kwetu atakwambia uteme mate chini. Nilijaribu "malaika", nikaona nimemvalisha Nel kanzu ya kanisani. Nilijaribu "pepo mwema", ikawa ni ngoma ya kupungwa. Mwishowe niliacha Mzimu kama ulivyo, ili msomaji ashtuke kidogo kama nilivyoshtuka mimi. Neno letu lilipokwenda safari lilirudi na maana ya ugenini, na si vibaya watoto wetu wakajua kuwa maneno nayo hutekwa.

Kisha akaja Kali, kazi ikasimama.

Kiswahili kimetajwa kitabuni kuwa ndiyo lugha ambayo Kali na Staś walisikilizana kwayo. Na katika Kipolandi, Kali anasema lugha iliyovunjika. Vitenzi vyake havina nafsi wala wakati, na yeye mwenyewe hasemi "mimi", hujitaja kwa jina. Kwa mfano wangu mwenyewe, usio wa kitabuni, ni kama mtu aseme: Kali kuona simba, Kali kuogopa. Wasomaji wa Kipolandi wamekua na usemi huo na kuucheka kwa zaidi ya miaka 100. Sasa mimi niutie lugha gani? Nimtie Kali Kiswahili kibovu? Mahali pale pale mwandishi anaposema Kiswahili ndicho wanachozungumza? Katika lugha hiyo mgeni si Kali. Mgeni ni Staś.

Mtu ataniambia Kali ni Mhima, na Kiswahili si lugha ya mamaye. Ni kweli. Lakini sote tumewasikia watu wa bara waliojifunza Kiswahili njiani na sokoni, na wengine wao wanatushinda wenye nacho. Isitoshe, Kali ni mwana wa mfalme. Amelelewa barazani, palipo na kusema kwa mpango na kunyamaza kwa mpango. Mtu kama huyo hata lugha ya kuazima huivaa ikamkaa.

Nilifikiria pia kulipiza: Kali aseme sawasawa, Staś ndiye akwame. Niliandika sura nzima hivyo, na nakiri nilicheka peke yangu usiku. Asubuhi niliichana. Kulipiza kisasi si kutafsiri. Daftari likalala kabatini miaka mingi.

Sehemu iliyonikwamisha kabisa ni ile ambayo Wapolandi wameifanya kuwa msemo. Staś anamfundisha Kali mema na mabaya, kisha anamtaka atoe mfano. Jibu la Kali ni kuwa ubaya ni mtu kumchukulia yeye ng'ombe zake. Na wema ni yeye kuchukua ng'ombe za mtu. Mpaka leo Mpolandi akimwona mtu mwenye mizani miwili, mmoja wa nafsi yake na mmoja wa wenzake, husema hiyo ni maadili ya Kali. Ni kichekesho kizuri. Lakini safari ya watoto hawa ilikuwa njiani wakati wakubwa wa Ulaya wamekaa Berlin, tangu Novemba 1884 hadi Februari 1885, wakipatana juu ya ng'ombe za watu. Na watatu kati ya waliokaa pale walikuwa wamemla Mpolandi ng'ombe wake pamoja na zizi. Fikira ile haikuwa ya kijana wa Kihima. Ilikuwa ya wafalme, naye alibebeshwa tu kama alivyobebeshwa mizigo mingine ya safari.

Ufumbuzi haukutoka katika kitabu. Ulitoka katika shairi. Nilikuwa nikinakili tungo za mzee mmoja wa mtaani kwetu, marehemu, kwa ombi la watoto wake. Kila shairi, ubeti wa mwisho, mzee yule alijitaja kwa jina lake: fulani ametunga, fulani anaomba radhi, fulani anaweka kalamu. Hakusema "mimi". Nimeyaona hayo tangu utotoni katika mashairi na tenzi zetu, na mwenyewe nayafanya, lakini usiku ule kalamu ilisimama mkononi. Mshairi wa Kiswahili afikapo tamati hujitaja kwa jina kama anayemtaja mtu mwingine, na hakuna anayemwona mjinga wala mtoto. Ni adabu, na ni muhuri wake.

Basi nikamfungulia Kali kabati. Nimemwachia jina lake, maana ndivyo alivyoandikwa, nami sina ruhusa ya kumnyang'anya mwandishi alichoandika. Nilichofanya ni kumrudishia nafsi na nyakati za vitenzi. Kali kamwona simba, na Kali kaogopa. Kwa sikio la Warszawa yule ni mtoto asiyejua kusema. Kwa sikio la Unguja ni mtu anayetia saini maneno yake. Sikuongeza kitu wala sikupunguza. Nilimhamisha tu, akakaa mahali pengine, akasikika vingine. Na mfano wake wa ng'ombe, ukisemwa kwa Kiswahili kilichonyooka, hauchekeshi tena vile vile. Unasikika kama fumbo analotegewa mwalimu. Tusisahau jina la babake ni Fumba.

Kuna jambo moja sikuweza kulitengeneza, na nimeliacha. Mwisho kabisa wa kitabu tunaambiwa miaka imepita, na Kali sasa anatawala nchi pana kusini ya Ziwa Rudolf, chini ya himaya ya Waingereza. Limesemwa kwa furaha, kama mtu anavyosema fulani kaoa. Mwandishi ambaye nchi yake ilikuwa chini ya makucha ya watatu alimpa Kali kucha moja, akaona amemtendea wema. Sisi tuliokaa katika himaya kutoka 1890 hadi 1963 tunalijua neno hilo uzito wake. Nimelitafsiri kama lilivyo. Msomaji ana macho.

Jioni hizi humsomea mjukuu wangu sura moja moja kutoka daftarini. Ana miaka 10, na anapenda zaidi tembo. Juzi alinikatiza.

"Babu, huyu Staś ndiye anayemfundisha Kali?"

"Ndiyo."

"Mbona Kali ndiye anayesema vizuri?"

Nikamwambia angoje tufike mwisho. Zimebaki sura sita.